Mmeshindwa kura ya maoni ya kaunti: jinsi ya kuifanyia kampeni yenu tathmini ya kweli

Mwongozo huu ni wa kamati za wananchi zilizopigania Ndiyo katika kaunti iliyogawanyika na zikashindwa. Kama mlikuwa upande wa Hapana, hesabu ni zilezile, geuzeni maneno tu. Tunachosisitiza kuanzia mwanzo ni kwamba namba za kila kituo zisomwe kabla watu hawajakubaliana hadithi ya kwa nini mmeshindwa. Hadithi hupatikana ndani ya siku mbili, na ikishakaa vichwani kila namba inayokuja baadaye hulazimishwa kuifuata.

Siku tatu za kwanza: kusanyeni kumbukumbu

Kampeni ya kujitolea haina makabati wala karani. Matokeo yakitangazwa, karatasi za nyumba kwa nyumba, ambazo wahamasishaji waliandikia majina ya waliowatembelea na alama 1 hadi 5 za uungaji mkono wao, hubaki kwenye mikoba ya watu, makundi ya WhatsApp hufutwa kwa hasira, na simu yenye picha za fomu za matokeo hupotea au huuzwa. Mchagueni mtu mmoja mtulivu, ambaye hakuwa msemaji wala mweka hazina, akusanye vitu hivi ndani ya saa 72: picha inayosomeka ya fomu ya matokeo ya kila kituo, karatasi zote za nyumba kwa nyumba, ratiba za zamu, nakala moja ya kila kipeperushi ikiwa na tarehe ya kutolewa, stakabadhi, na mazungumzo ya makundi yaliyohifadhiwa kabla kundi halijafungwa. Wasimamizi wa makundi waombwe wazi wasifute chochote.

Kama mna sababu ya kutilia shaka matokeo, hiyo ni njia nyingine kabisa. Mpeni mwanasheria siku hiyohiyo, maana muda wa kupinga matokeo kwa kawaida ni mfupi. Msichanganye timu hizo mbili. Ya mahakamani inatafuta kasoro za waliosimamia kura, ya tathmini inatafuta kasoro zenu, na mtu mmoja akipewa zote mbili atashindwa kuwa mkweli katika mojawapo.

Mkutano wa siku ya pili uwe wa kushukuru tu. Lipeni madeni madogo: mchapishaji, madereva, vijana walioahidiwa posho. Kijana ambaye hajalipwa hatawaambia ukweli mtakapomhitaji wiki ya tatu.

Ndani ya siku 10 kila mtu aliyekuwa na jukumu aandike ukurasa mmoja, peke yake, kabla hajakaa kikao chochote. Maswali manne yanatosha. Uliona nini kwa macho yako ambacho kamati haikukijua? Uamuzi gani ulidhani ni mzuri, na siku hiyo ulijua nini? Lini ulianza kuhisi mambo hayaendi, na ulimwambia nani? Watu walikuuliza swali gani ambalo hukuwa na jibu lake? Wakishakaa pamoja kumbukumbu zao zitachanganyika, na sauti ya mwenye ushawishi itakuwa kumbukumbu ya wote. Ndiyo maana ukurasa hutangulia kikao.

Namba kwanza, kituo kwa kituo

Matokeo ya kaunti nzima hayatawafundisha kitu. Tengenezeni jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kituo cha kupigia kura na safu hizi: waliosajiliwa, waliojitokeza, Ndiyo, Hapana, zilizoharibika, waliojitokeza katika uchaguzi uliopita, watu mliowapa alama 1 na 2 (mliowahesabu kuwa wenu), na idadi ya zamu za wahamasishaji wenu. Vituo 96 huchukua watu wawili siku mbili, mmoja akisoma fomu na mwenzake akiandika, kisha wabadilishane nafasi ili wakague. Kila mstari ujumlishwe: Ndiyo, Hapana na zilizoharibika lazima zilingane na waliojitokeza. Usipolingana, rudini kwenye picha ya fomu. Msikisie.

Hesabu ya kwanza ni ya pengo. Tuseme kura halali ni 41,000: Ndiyo 18,950, Hapana 22,050. Mmepungukiwa kura 3,100. Kama mngetaka kushinda kwa kuwaleta vituoni waliobaki nyumbani, mngehitaji watu wapya 3,101, yaani wastani wa zaidi kidogo ya 32 kwa kila kituo kati ya vile 96. Kama mngetaka kushinda kwa kuwabadili waliopiga Hapana, 1,551 wangetosha, kwa sababu kila anayehama hupunguza upande mmoja na kuongeza mwingine. Kamati nyingi haziifanyi hesabu hii ndogo, kisha hukaa saa tatu zikibishana kama tatizo lilikuwa usafiri wa siku ya kura au ujumbe. Andikeni namba hizo mbili kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani.

Hesabu ya pili inauma zaidi. Chukueni kituo chenye wapigakura 620. Waliojitokeza ni 310: Ndiyo 118, Hapana 187, zilizoharibika 5. Karatasi zenu zinaonyesha watu 205 wa alama 1 (anaunga mkono kabisa) na 2 (anaelekea kuunga mkono). Wako wapi watu 87? Na pengo halisi ni kubwa kuliko hapo, maana kati ya zile kura 118 zimo za watu ambao hamkuwahi kubisha hodi kwao.

Kuna majibu matatu tu: hawakwenda kupiga kura, walikwenda wakapiga Hapana, au hawakuwa wenu tangu mwanzo. Kila jibu lina dawa yake, kwa hiyo msiyachanganye. Chukueni kila jina la saba katika wale 205, mtapata watu 29, na mwatembelee. Swali liwe kama walifika kituoni na kama kuna kilichowazuia. Msiulize walipiga nini. Kura ni siri na mkiuliza mtaharibu mlango huo kwa miaka. Pale sheria inaporuhusu kukagua daftari lililotiwa alama siku ya kura, litumieni, kwa sababu watu wengi husema walipiga kura hata kama hawakwenda. Iwapo wengi wa mliowatembelea walifika kituoni na Ndiyo bado ilikuwa chache, jueni tatizo halikuwa usafiri.

Mara nyingi kosa huwa kwenye alama. Mhamasishaji anabisha hodi, anakaribishwa kiti, anaeleza, na mwenye nyumba anasema: "Sawa, tumesikia." Au "Mungu akipenda." Au "Tuko pamoja." Mhamasishaji anatoka na furaha na kuandika 1. Ile ilikuwa adabu. Mgeni hafukuzwi mlangoni, na katika kaunti iliyogawanyika mtu mwenye busara hamwonyeshi mgeni upande wake. Alama 1 ipewe tu aliyekubali jambo lenye gharama: kubandika karatasi mlangoni, kutoa jina lake kwenye orodha ya wazi, au kusema saa atakayokwenda kupiga kura na nani. "Tuko pamoja" bila kitu kingine ni 3, yaani hajaamua. Pitieni karatasi za zamani mkihesabu upya kwa kanuni hiyo. Mkikuta 205 zimeshuka hadi 110, basi hamkupoteza watu 95. Hamkuwahi kuwa nao, na mipango yote ya wiki za mwisho ilijengwa juu ya watu wasiokuwepo.

Kura zilizoharibika zisipuuzwe. Kituo chenye kiwango mara tatu ya wastani wa kaunti kina jambo: maandishi ya swali, alama zilizofanana, au mafunzo ya mpigakura yasiyofika. Katika kura ya Quebec, Kanada, mwaka 1995, waliotaka kujitenga walishindwa kwa kura 54,288, na karatasi zilizokataliwa zilizidi 86,000.

Kulinganisha vituo, na mtego wake

Tafuteni jozi nane hadi kumi za vituo vinavyofanana kwa ukubwa, kazi za watu na historia ya kura, ila kimoja mlikifanyia kazi sana na kingine kidogo. Kama Ndiyo katika jozi nyingi inalingana, basi ziara zenu hazikubadili watu, na kinachotakiwa kuchunguzwa ni maneno yaliyosemwa mlangoni, si idadi ya milango. Mtego ni kwamba wahamasishaji hupenda kwenda wanakopokelewa vizuri. Mkiona Ndiyo kubwa mlikokwenda sana, ulizeni kwanza kama haikuwa kubwa kabla hamjafika.

Na lipo kosa moja ambalo katika kaunti iliyogawanyika ni la hatari kweli. Msisome matokeo ya kituo kama kura ya kabila, dini au ukoo. Kata iliyopiga Hapana asilimia 88 ina watu 12 katika kila mia waliosimama nanyi, pengine kwa kujificha. Siku mtakapoandika "kata ile ilitusaliti" kwenye kundi la WhatsApp, mmewatia hatarini hao 12 na mmewapa wengine 88 sababu ya kutowasikiliza tena. Jumla ya kituo haisemi nani alipiga nini. Sentensi ya namna hiyo ikionekana kwenye rasimu ya ripoti, ifutwe hata kama aliyeiandika ni mwenyekiti.

Daftari la maswali

Anayetaka badiliko hubeba mzigo wa majibu yote. Mpinzani wake anahitaji shaka moja tu iliyokaa moyoni, kwa sababu asiye na hakika huchagua yaliyopo. Huko Ayalandi, mwaka 1986, tafiti za mapema zilionyesha wengi wanakubali kuruhusu talaka. Siku ya kura asilimia 63.5 walikataa. Hofu ilikuwa juu ya mali, shamba na urithi wa mke wa kwanza na watoto, na majibu hayakuwa yameandaliwa. Kabla ya kurudi kwa wananchi, sheria kuhusu kutengana na mali ya wanandoa zilitungwa kwanza. Mwaka 1995 pendekezo lilipita kwa tofauti ya kura 9,114 nchi nzima.

Kwa hiyo chukueni kurasa za siku 10 pamoja na karatasi za mlangoni, mtoe maswali kumi yaliyojirudia. Mbele ya kila swali andikeni tarehe lilipoulizwa mara ya kwanza, tarehe jibu rasmi lilipotoka, na jibu lilitolewa na nani. Safu muhimu ni ya nne: siku zilizopita katikati. Uvumi wa ardhi ulioanza siku 20 kabla ya kura na kujibiwa siku 9 baadaye ulikuwa na karibu nusu ya muda uliobaki bila mpinzani. Angalieni pia jibu lilipita njia gani. Uvumi uliosambaa kwa ujumbe wa sauti, kwa lafudhi ya nyumbani, haujibiwi na barua ya kurasa mbili yenye nembo.

Kuhusu uongo: kama upande wa pili ulisambaza habari za uongo, nukuuni maneno yenyewe, tarehe na mahali yalipoonekana. Kisha msiishie hapo. Ulizeni kwa nini yaliaminika. Uongo hushika pale ambapo tayari pana jeraha, kama vile fidia isiyolipwa au mradi uliotelekezwa. "Walidanganywa" ni neno linalowafariji wanakamati na kuwatukana wapigakura kwa pamoja.

Kuwasikiliza waliopiga Hapana

Sehemu hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye mavuno makubwa. Ianze wiki ya nne, joto likiwa limepoa. Lengeni mazungumzo 40 hadi 60 na watu wanaosema wenyewe kwamba walipiga Hapana, pamoja na 30 ya wale mliowahesabu kuwa wenu lakini hawakwenda kituoni. Waende wawili wawili, mmoja aulize, mmoja aandike. Aliyebisha hodi mtaa huo wakati wa kampeni asirudi mtaa huohuo. Mpitie kwa mtu anayeheshimiwa na pande zote, aseme mnakuja kusikiliza na kwamba hakuna kampeni nyingine inayokuja mlangoni. Fulana na kofia za kampeni ziachwe nyumbani. Majina yasiandikwe, ila mtaa, rika na kazi.

Maswali tunayoyapendekeza ni haya:

- Ulianza kuamua lini?
- Neno gani ulilolisikia lilikuingia zaidi, la upande wowote?
- Kama Ndiyo ingepita, uliogopa nini kingetokea nyumbani kwako?
- Jambo kama hili ukitaka kulielewa, unamwendea nani?
- Sisi tulifanya nini kilichokukwaza?

Msiulize "Kwa nini hukutuunga mkono?" Hilo ni swali la mashtaka, na mtu atajitetea badala ya kueleza. Msijibu hoja, hata ile ambayo mna jibu lake mfukoni. Mwandishi aandike maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, kwa sababu "mtatuuzia maji yetu" na "hofu kuhusu rasilimali" si kitu kimoja, na ni ile ya kwanza itakayowaonyesha mlikosea wapi. Mazungumzo 40 hayatoi asilimia, kwa hiyo ripoti isiseme "asilimia 35 waliogopa kodi". Kazi yake ni kuwapa sababu. Matano yakifuatana bila jambo jipya, mnaweza kuacha.

Kolombia inatoa mfano wa kazi hii katika ngazi ya taifa. Tarehe 2 Oktoba 2016 mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa FARC ulikataliwa kwa asilimia 50.2, tofauti ikiwa chini ya kura 54,000 na waliojitokeza hawakufika asilimia 38. Serikali ilikutana na viongozi wa Hapana, ikapokea mapendekezo yao, na mkataba uliorekebishwa ukatiwa saini tarehe 24 Novemba mwaka huohuo, safari hii ukipelekwa bungeni. Si kila mpinzani aliridhika, lakini mapingamizi yao yaliandikwa moja moja yakajibiwa. Kenya nayo, baada ya rasimu ya katiba kukataliwa Novemba 2005, haikurudi kwa wananchi na maneno yaleyale. Kamati ya Wataalamu ilitakiwa kutenganisha yaliyokubalika na yenye ubishi, na ubishi ukabaki kwenye mambo matatu: mfumo wa serikali, ugatuzi na kipindi cha mpito. Tengenezeni orodha ya namna hiyo. Safu ya kulia iwe ya yale ambayo hata wa Hapana hawayapingi. Kwa kawaida ni ndefu kuliko mlivyodhani.

Kikao cha tathmini

Kifanyike wiki ya tatu, jedwali na daftari la maswali vikiwa tayari, mazungumzo ya nje yakiwa bado. Watu 15 hadi 25, kwa muda wa saa tatu, mwongozaji awe mtu wa nje ya kamati. Dakika 40 za kwanza ni za kusoma jedwali kimya. Kisha waseme wahamasishaji wa mitaani, halafu waratibu wa kata, na wenye vyeo wamalizie. Mkianza na mwenyekiti hakuna kijana atakayempinga mbele ya watu.

Kila hoja isemwe kama uamuzi: "Tarehe fulani tuliamua kupeleka vipaza sauti badala ya watu, tukijua hivi na hivi." Jina la mtu lisitajwe. Mwongozaji aulize kila mara: siku ile tulijua nini? Uamuzi mzuri waweza kuleta matokeo mabaya, na wa hovyo waweza kubahatika.

Kikao huharibika kwa njia tatu zinazojulikana. Kinakuwa mahakama, kinakuwa matanga, au kinakuwa uwanja wa kugombea uongozi ujao. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa hiyo uchaguzi wa kamati mpya usogezwe angalau mwezi mmoja mbele.

Fedha zipewe dakika 20. Angalieni ni sehemu gani ya bajeti ilitumika wiki mbili za mwisho, na "walituzidi pesa" isikubalike hadi ijaribiwe: katika vituo ambavyo wapinzani hawakuweka hata bango moja, mlipata nini? Wahamasishaji pia wahesabiwe kwa ngazi: waliojiandikisha, waliofanya zamu moja, waliofanya tatu au zaidi. Kama 300 walijiandikisha na 60 wakafika zamu ya tatu, tafuteni ni siku ngapi zilipita kabla mtu hajawapigia simu. Zikizidi mbili, jibu mmelipata.

Ripoti na uamuzi wa kurudi

Siku ya 60, kurasa sita hadi nane. Kila jambo liwekwe kwenye fungu lake: tunajua, tunadhani, hatujui. Fungu la tatu lisiachwe tupu ili ripoti ionekane ya wataalamu. Toeni hadharani muhtasari wenye makosa yenu na hoja halali za Hapana mlizozisikia. Vituo vilivyotajwa kwa majina vibaki ndani.

Kurudi kwa wananchi kunategemea swali moja: ni nini kimebadilika ndani ya pendekezo? Denmark ilikataa Mkataba wa Maastricht, ulioanzisha Umoja wa Ulaya, Juni 1992 kwa asilimia 50.7, ikapata misamaha minne ya kutoshiriki baadhi ya mambo ya mkataba huo, na Mei 1993 asilimia 56.7 wakakubali. Kama kilichobadilika ni rangi ya vipeperushi tu, wananchi watasema wamekwisha kujibu, na watakuwa na haki.

Mabango yaondolewe ndani ya wiki moja, na walioyabandika ndio wayaondoe. Makundi ya WhatsApp yafungwe kwa ujumbe wa shukrani. Karatasi zenye majina na alama 1 hadi 5 zichomwe ripoti ikikamilika, kwa sababu orodha ya nani yuko upande gani, ndani ya kaunti yenye uhasama, ikiangukia mikono mibaya inaweza kuumiza watu. Kinachohifadhiwa ni jedwali la vituo, daftari la maswali, maneno ya mazungumzo yasiyo na majina, na ripoti: nakala mbili, kwa watu wawili wasioishi nyumba moja, mmoja wao akiwa si mjumbe wa kamati.